Kipimo cha kichocho katika zahanati moja ya Igombe

Ndani ya miezi miwili nimeitumia mara tatu maabara ya zahanati moja ndogo iliyo kando ya njia iteremkayo mwaloni Igombe, kwenye Ziwa Victoria, kwa ajili ya mwanangu wa miaka 12. Ninaandika tathmini hii kwa kuwa najua wazazi wengi wa mwambao huu wanaohangaika na matumbo ya watoto kama nilivyohangaika mimi.

Kabla ya hapo mtoto alikuwa ametibiwa taifodi mara mbili katika kituo kingine nisichokitaja, kwa kutegemea kipimo cha damu kinachotafuta kinga za mwili tu, na ambacho huweza kuonyesha ugonjwa hata kwa mtu asiyeugua taifodi. Alimaliza dawa, akapata nafuu ya siku chache, kisha hali ikarudi palepale: tumbo la kukata, choo chepesi chenye kamasi na michirizi ya damu, na uchovu uliomfanya asinzie darasani.

Katika zahanati hii mganga hakukimbilia kuandika kipimo. Aliniuliza kwanza, "Mama, mtoto anaoga wapi?" Nilipomjibu kuwa huchota maji ziwani mchana na kuogelea na wenzake, alitenga muda, ingawa foleni ilikuwa ndefu, akanieleza kichocho cha tumbo tangu mwanzo wake. Mayai ya minyoo huingia ziwani pamoja na kinyesi, yakaanguliwa, na viluwiluwi vyake vikamwingia konokono mdogo wa majini. Humo huongezeka, kisha hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, na humpenya mtu kwenye ngozi kwa dakika chache tu, bila yeye kuyanywa maji hayo. Minyoo iliyokomaa hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo kwa miaka, lakini kinachoumiza zaidi ni mayai yanayonasa mwilini, hasa kwenye ini, ambalo huota makovu hadi bandama ikavimba na mgonjwa akaweza kutapika damu. Nimeishi kando ya ziwa hili maisha yangu yote, na nilikuwa nikidhani kichocho ni kukojoa damu tu. Kumbe hicho ni kichocho cha kibofu, na kinachotawala ufukweni kwetu ni hiki cha tumbo.

Maabara ndiyo iliyonivutia kuliko yote. Mtaalamu aliichuja sampuli ya choo, akaipima kwa kibao chenye tundu, akaifunika kwa karatasi angavu iliyolowekwa rangi ya kijani, na baada ya kusubiri akaniruhusu nichungulie kwenye hadubini. Niliona yai lenye mwiba ubavuni, nalo ndilo alama ya kichocho cha tumbo. Alihesabu mayai 9, akazidisha kwa 24 kupata mayai 216 kwa gramu moja ya choo, kiwango alichokiita cha wastani. Kipimo kiligharimu shilingi 5,000, na kwa maelezo niliyopewa sioni kuwa ni ghali.

Dawa ilikuwa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtoto wa kilo 30 ni vidonge 2 vya miligramu 600. Muuguzi alihakikisha amekula kwanza, akatuonya kuhusu kichefuchefu na kizunguzungu, akatukalisha hapo kwa muda. Alieleza pia kwamba dawa hiyo haiui vizuri minyoo michanga, kwa hiyo ni lazima kurudi kupima baada ya wiki kadhaa.

Kasoro zipo, na moja ni kubwa. Mayai hayatoki sawasawa kila siku, kwa hiyo sampuli moja inaweza kumkosa mgonjwa, lakini mara ya kwanza hawakuniomba ya pili. Kwa bahati mayai yalionekana. Tarehe ya kurudi niliambiwa kwa mdomo tu, na mzazi mwenye watoto watano angeisahau. Maabara hufungwa saa 8 mchana, wakati ambao wanafunzi ndio kwanza wanatoka shuleni, jambo lililonilazimu kumwombea mtoto ruhusa mara zote tatu.

Wiki sita baadaye hawakuona yai, na safari hii mtaalamu mwenyewe alikataa kuandika majibu mpaka nilete sampuli nyingine kesho yake. Nayo ilikuwa safi. Kwa ushauri wa mganga, sasa tuna madumu mawili makubwa nyumbani: maji ya ziwani hukaa siku mbili bila kuguswa kabla ya kuogea, ili viluwiluwi vilivyomo vife, na anayeyachota ni mimi, asubuhi na mapema, nikiwa nimevaa mabuti ya mpira.