Wembe wa kukunja wa kale: upi ununue kwanza, upi uupishe

Kwenye minada ya mtandaoni wembe unaong'aa kama kioo hupiganiwa, na ule wenye madoa meusi ulio pembeni yake hupita bila mnunuzi. Mara nyingi wenye madoa ndio wa kununua. Mng'aro hutoka kwenye gurudumu la kupigia msasa, na gurudumu hilo likiachwa dakika moja zaidi kwenye chuma chembamba, makali hupata moto, ugumu wake huondoka, na hakuna kinoo kitakachourudisha. Madoa yaliyo mbali na makali hayanyoi mtu wala hayamkati.

Anza na mgongo. Wembe unaponolewa hulazwa kinooni, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, kwa hiyo pembe ya makali ilishaamuliwa na fundi aliyeufua. Mgongo ukilika, pembe hubadilika. Pima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, unene wa mgongo, ugawanye kwa upana wa chuma kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Wembe wenye mgongo wa milimita 5 na upana wa milimita 18 hutoa 0.28, yaani pembe ya nyuzi 16 hivi. Kati ya 0.25 na 0.33 uko salama. Ikishuka chini ya hapo, makali huwa membamba mno na humeguka. Ikipanda sana, wembe utanyoa kwa kuvuta. Muuzaji asiye na kalipa na atumie rula, ilimradi picha ionyeshe namba.

Upana wenyewe hutajwa kwa sehemu za nane za inchi: 5/8 ni milimita 16, 6/8 ni 19, 7/8 ni 22. Anayeanza achukue 5/8 au 6/8. Chini ya hapo povu hujaa upesi na kumwagika, na juu ya hapo chuma huwa kizito chini ya pua.

1. Solingen, 5/8 au 6/8, mbavu zilizokombwa

Hili ndilo chaguo letu la kwanza na halina mshindani wa karibu. Mji wa Solingen, Ujerumani, ulitoa nyembe nyingi mno kiasi kwamba nzuri bado zinapatikana kwa bei ya kawaida, na jina la mji lenyewe linalindwa kwa sheria tangu 1938. Tafuta J. A. Henckels wenye alama ya mapacha, Böker wenye mti, Puma, au Dovo, kampuni iliyoanza 1906. Lakini usilipie jina maradufu. Solingen ilikuwa na karakana ndogo nyingi zisizokumbukwa leo, na wembe wao ukiwa na mgongo mzima utanyoa sawasawa na wenye mapacha.

Mbavu zilizokombwa maana yake chuma kimechimbwa pande zote mbili, kikabaki chembamba sana kati ya mgongo na makali. Faida yake iko kinooni: eneo linalogusa jiwe ni dogo, kwa hiyo kazi huisha haraka na mkono mgeni hauharibu sana. Uliokombwa nusu ni mtulivu zaidi usoni kwa ndevu ngumu, na kama ndevu zako ni nene tungekuelekeza huko.

2. Eskilstuna, Sweden

C. V. Heljestrand na Erik Anton Berg ndio majina ya kuanzia. Chuma chao ni kigumu, hushika makali muda mrefu, na huchukua muda mrefu vilevile kunolewa. Angalizo ni upana: nyingi zimelika hadi karibu 4/8. Ukipata 5/8 iliyonyooka, usilale ukifikiri. Umekuwa wa pili kwa sababu moja tu, kwamba ukikosea kwenye jiwe la kwanza utachoka kabla ya kurekebisha.

3. Sheffield, Uingereza

Hapa pana historia yote. Benjamin Huntsman alibuni chuma chake cha kuyeyushwa kwenye vyungu huko Sheffield katika miaka ya 1740, na karne iliyofuata Wade & Butcher, Joseph Rodgers na George Wostenholm walisambaza nyembe zao dunia nzima. Mkusanyaji atazipenda kuliko zote. Mnyoaji mpya asubiri. Nyingi za zamani zina umbo la kabari, ubavu karibu bapa kutoka mgongoni hadi makalini, na kabari ikilazwa kinooni ubavu wote hutaka kugusa jiwe. Unasaga chuma kingi kupata makali kidogo. Dawa yake ni tepu nyeusi ya fundi umeme juu ya mgongo, tabaka moja au mawili, ili mgongo uinuke kidogo na jiwe liyafikie makali.

Kuhusu umri: sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za kigeni zitaje nchi zilikotoka. Wembe wenye neno "England" au "Germany" shingoni, yaani kati ya makali na pini ya mpini, kwa kawaida ni wa baada ya hapo. Kukosekana kwa neno hilo peke yake hakuthibitishi ukale, kwa kuwa si kila wembe uliuzwa Marekani.

Mipini ya pembe ya ndovu iache. Zanzibar ilikuwa bandari kubwa ya pembe hizo katika karne ya 19, na mafundi visu wa Sheffield walikuwa miongoni mwa walaji wakubwa wa malighafi hiyo, kwa hiyo kihistoria mpini huo unaweza kutugusa karibu. Lakini biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imefungwa tangu 1990, na kifurushi kinaweza kukamatwa forodhani pamoja na wembe wenyewe.

4. Marekani

Geneva Cutlery, Clauss, Case: chuma kizuri, bei nafuu, tatizo mpini. Viwanda vyao vilipenda seluloidi ya rangi, na seluloidi ikizeeka hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma kilicholala ndani yake. Dalili yake ni kutu inayofuata umbo la mpini hasa, au mpini uliojaa nyufa ndogo kama udongo mkavu. Ukikuta hivyo usinunue, na kama tayari unao, tenga mpini huo mbali na nyembe nyingine. Wala usijaribu kuutambua kwa kiberiti. Seluloidi hulipuka moto kama petroli.

5. Nyembe mpya za bei chee

Zinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana zikiwa na maneno ya kuvutia kwenye boksi. Mgongo haukunyooka, mbavu hazilingani, na kisigino cha chuma, pale makali yanapoishia upande wa mpini, kina nundu inayozuia makali kugusa jiwe. Fundi mzoefu anaweza kuzisaga zikanyooka, lakini mnunuzi wa kwanza atadhani kosa ni lake. Afadhali kishikio cha kinyozi kinachochukua nusu wembe wa kutupa: hakihitaji kinoo kabisa, ingawa makali yake ni makavu usoni na hayasamehe mkono unaotetereka.

Picha za kudai kabla ya kulipa

Omba tano: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, mgongo ukitazamwa kwa juu, wembe ukiwa umefungwa, na makali yakielekea kwenye taa. Hiyo ya mwisho ndiyo wauzaji wengi huikwepa. Makali mazima hayarudishi mwanga; nukta yoyote inayometa ni pengo au ubutu. Pengo la nusu milimita husagika. La milimita mbili linakula upana wote uliolipia.

Ukingo uliobonyea katikati ni dalili ya kinoo kibaya cha miaka mingi, upishe. Uliotoka kidogo kama tumbo hauna shida. Vishimo vya kutu ukivihisi kwa ukucha ndani ya milimita 3 za mwisho karibu na makali, acha, kwa sababu vinaendelea ndani na utavikuta tena kila ukisaga. Ufa wowote, hata wa unywele, ni mwisho wa mazungumzo. Wembe usioketi katikati ya mpini unarekebishika kwa kugonga pini taratibu, ila hakikisha kwanza kwamba kilichopinda ni mpini na si chuma.

Neno "mkali sana" kwenye tangazo halina maana. Uliza umenolewa na nani na umeishia jiwe gani. Kwa wembe wa kwanza lipa zaidi upate ulionolewa tayari na mtu wa kazi hiyo, kwa sababu bila kuujua ukali halisi hutajua unachokitafuta kinooni.

Vinoo na mkanda

Seti ya vinoo hugharimu kuliko wembe, jambo ambalo bajeti nyingi husahau. Unahitaji daraja la 1000, la 4000 au 5000, la 8000, na la 12000 kumalizia; namba ikipanda, jiwe huwa laini zaidi. Paka makali wino wa makapeni, pitisha wembe mara tatu kwenye 1000, kisha tazama kwa lenzi ya sonara: wino uliobaki ukingoni ni mahali ambapo jiwe halifiki. Usiondoke kwenye 1000 mpaka makali yanyoe nywele za mkono kwa urefu wote, kisigino hadi ncha. Karibu kila wembe unaovuta baadaye ulitolewa mapema kwenye jiwe hili. Kutoka hapo ni mapito 40 hadi 50 kwa kila daraja, makali yakitangulia, ukivuta kwa mshazari, na mwishoni uzito wa wembe peke yake utoshe.

Mkanda wa ngozi, wa kulainishia makali kabla ya kunyoa, uwe na upana wa milimita 75. Mapito 20 upande wa kitambaa, 50 upande wa ngozi, mgongo ukitangulia, na unapogeuza uzungukie mgongoni. Ukizungukia makalini umekata mkanda na kupindua makali kwa mkupuo mmoja.

Usoni

Lainisha ndevu kwa maji ya moto dakika mbili au tatu, shika wembe kwa nyuzi 30 hivi, na siku za mwanzo nyoa mashavu tu. Kwa ndevu za kipilipili, fuata uelekeo wa nywele, pito moja au mawili, na ngozi uinyooshe kiasi tu. Ukiivuta sana, nywele hukatwa chini ya usawa wa ngozi, zikajikunja na kurudi ndani, na hapo ndipo vipele vya kidevu huanza.

Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, hewa ya chumvi hupiga chuma hiki kutu usiku mmoja. Kifute hadi ndani ya mpini, pitisha tone la mafuta ya cherehani, usikiweke bafuni. Kabla ya mkanda wa kesho, mafuta hayo yafutwe kwanza, la sivyo ngozi itayanywa na kuteleza bila kunoa.