Shokapu za gari la zamani: kipimo ambacho wauzaji hawakiandiki

Lalamiko ni lile lile kila mara. Mwenye gari la miaka ya 1960 au 1970 ananunua shokapu nne mpya na kuzifunga. Wiki chache baadaye anasikia chuma kikigota chuma kila akivuka tuta. Haipiti miezi miwili, jicho la chini (pete ya chuma ambamo bolti hupita) limekatika kwenye weldi au fimbo imepinda. Muuzaji analaumu barabara, fundi anasema shokapu ni feki. Mara nyingi wote wawili wamekosea. Shokapu ni nzima, tatizo ni kwamba ikibanwa bado ni ndefu mno kwa gari lile.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na raha ya kuendesha wala ugumu. Unaanza na urefu wa kubanwa, yaani urefu wa shokapu fimbo ikiwa imezama yote ndani. Tangazo la mauzo likitaja kipimo, hutaja urefu wa kunyooka, kwa sababu ndio unaoonekana kwenye boksi. Lakini kinachovunja gari ni ule mwingine.

Gari limeundwa ili ekseli au mkono wa gurudumu unapopanda hadi mwisho, mzigo upokewe na mpira wa kugotea uliofungwa kwenye chasisi. Shokapu haikuundwa kupokea pigo hilo. Ikifika mwisho wake kabla ya mpira, pistoni inagonga vali ya chini, na uzito wote wa kona ile ya gari unashuka kwenye fimbo nyembamba na bolti moja. Vali ikivunjika, shokapu inabaki bomba tupu lenye mafuta. Vali isipovunjika, kinachopasuka ni kishikizo cha juu kwenye chasisi, na kukichomelea upya kwenye bati lililokwisha kuliwa na kutu ni kazi kubwa kuliko shokapu zote nne.

Gari la zamani lina ubaya wake wa ziada: ile mipira ya kugotea yenyewe imeoza. Imekuwa migumu na kumeguka, na upande mmoja unaweza kukuta haipo kabisa, kimebaki kibati tu. Hapo hata shokapu sahihi itafanya kazi ya kugotea. Ndiyo maana kitu cha kwanza kununua ni mipira ya kugotea, kabla ya shokapu. Ni bei ndogo, na bila hiyo vipimo vyote vinavyofuata ni vya uongo.

Kupima kunataka jeki, stendi mbili imara, futi ya chuma na karatasi. Gari likiwa limesimama kwa uzito wake mahali tambarare, pima kutoka katikati ya bolti ya juu hadi katikati ya bolti ya chini. Kama juu ni ncha ya nyuzi (iliyochongwa kama skrubu ili ifungwe nati) badala ya jicho, pima kuanzia pale washa ya chini inapokalia. Kisha pima nafasi kati ya mpira wa kugotea na chuma kinachougusa, na kimo cha mpira wenyewe. Halafu inua chasisi, iweke juu ya stendi, fungua shokapu upande mmoja ili isizuie chochote, acha gurudumu lining'inie, kisha pima tena kati ya bolti. Angalia paipu ya breki isivutike wakati huo.

Mfano. Gari limesimama, kati ya bolti ni milimita 380. Nafasi hadi kwenye mpira ni 60. Mpira una kimo cha 40, na ukigongwa kwa nguvu hubonyea karibu nusu, kwa hiyo toa 20. Umbali mfupi kabisa utakaotokea ni 300. Toa 10 za usalama: urefu wa kubanwa usizidi 290. Gurudumu likining'inia umepata 440. Ongeza 10, urefu wa kunyooka usipungue 450. Sasa mtu akikuuzia shokapu ya 450 inayobanwa hadi 310, itaingia vizuri, bolti zitakubali, na gari litatembea bila tatizo kwenye lami. Kwenye shimo la kwanza la kweli itagota wakati mpira umefika nusu tu ya kazi yake.

Shokapu hiyo ikipimwa dukani ikiwa imenyooka ni sawasawa kabisa. Hapo ndipo watu wanapopotea.

Wengi huamini kwamba gari lililoshushwa linahitaji shokapu fupi. Springi fupi peke yake haibadilishi umbali mfupi kabisa. Kinachoubadilisha ni kuukata mpira wa kugotea, na walioshusha magari wengi huukata. Springi iliyochoka vilevile haibadilishi kipimo hicho, ila inalifanya gari ligote mara nyingi zaidi. Ukipandisha gari, tatizo hugeuka, kwa sababu gurudumu huning'inia chini zaidi na shokapu hunyooka hadi mwisho, ikivuta sili (mpira unaozuia mafuta yasivuje) na nati ya pistoni. Land Rover Series iliyobadilishiwa springi ikawekwa za parabola (zenye majani machache yasiyosuguana sana) ni mfano mzuri. Inakaa juu zaidi, na msuguano wa majani ya zamani, uliokuwa ukisaidia kutuliza mtikisiko, umepungua sana. Inataka shokapu ndefu zaidi na zenye nguvu zaidi.

Ukishakuwa na namba zako mbili, aina ya kishikizo na kipenyo cha bolti, unaweza kuacha kutafuta kwa jina la gari. Watengenezaji wakubwa wana majedwali ya urefu na vishikizo, na shokapu unayoitaka huenda inauzwa kwa jina la gari dogo la kazi la miaka ya karibuni. Usisahau kipenyo: bolti ya milimita 12 kwenye tundu la nusu inchi, ambalo ni 12.7, itagonga siku zote. Na linganisha uzito. Shokapu ya nyuma ya pikapu ya mizigo itafanya sedani nyepesi irukeruke. Pia usihamishe shokapu ya ekseli ya nyuma kwenda kwenye mkono wa mbele. Pale mbele, mara nyingi shokapu hutembea pungufu ya gurudumu. Ikitembea milimita 6 kwa kila 10 za gurudumu, nguvu yake inayofika kwenye gurudumu ni 0.6 mara 0.6, kama theluthi tu na kidogo.

Sasa mpangilio wangu wa shokapu za kuchagua, nikianza na ninayoipenda.

Ya kwanza ni KYB ya bomba mbili (moja ndani ya jingine) yenye gesi ya shinikizo la chini, ile inayoitwa Excel-G. Nasema wazi kwamba naipendelea. Bei yake hubebeka, chuma cha fimbo ni kizuri, na gesi yake ndogo huzuia mafuta yasitoe povu bila kulinyanyua gari. Si laini kama za kiwandani za zamani. Inashika kidogo zaidi, na kwa gari ambalo bushi zake (mipira ya kwenye viungio) zimechoka utasikia kila kokoto. Badilisha bushi kwanza. Magari kama Volkswagen Beetle yanapatikana kwenye orodha za watengenezaji wengi, lakini hata hapo angalia mbele: yale yenye kingipini (pini ambayo gurudumu hugeukia) yana jicho juu na chini, yale yenye boljointi (kiungo cha tufe la chuma) yana ncha ya nyuzi juu, na Super Beetle yenye stratu (shokapu na springi katika nguzo moja) ni habari nyingine kabisa.

Ya pili ni kukarabati ulizonazo, kama zinakarabatika. Hapa nazungumzia shokapu za mkono, ambazo si bomba bali kasha la mafuta lenye mkono unaopanda na kushuka, za Armstrong au Girling, kama kwenye Morris Minor na MGB. Kwenye MGB mkono wa shokapu ya mbele ndio mkono wa juu wa sasipenshani, kwa hiyo huwezi kuutoa tu na kufunga bomba. Kinachoharibika ni shafti kulegea kwenye nyumba yake, kisha sili kuvuja. Kubadilisha sili bila kurekebisha nyumba ya shafti ni kazi bure, itavuja tena. Zijaze mafuta ya shokapu, yasiwe ya breki, huku ukiusukuma mkono mwendo mzima hadi hewa iishe.

Ya tatu ni Koni Classic, zile nyekundu. Kwa ubora pekee ningeziweka juu, bei ndiyo inayoziteremsha. Zinarekebishika: unaitoa, unaibana hadi mwisho, unaizungusha taratibu mpaka ishike vali ya chini, kisha unaongeza ugumu wa kunyooka nusu mzunguko kwa wakati mmoja. Nyingi hukarabatika, kwa hiyo Koni iliyotumika yenye fimbo safi inafaa kununuliwa.

Bilstein ya bomba moja ni kazi nzuri sana, na Mercedes-Benz walianza kuitumia tangu 1957. Lakini kwa gari jepesi ina mawili. Chumba chake cha gesi hula urefu, kwa hiyo kwa mwendo ule ule mara nyingi hubaki ndefu zaidi ikibanwa, na tumerudi kwenye kosa letu la mwanzo. Pili, gesi ya bar 25 juu ya fimbo ya milimita 14 inasukuma kwa karibu kilo 39 kila upande. Sehemu ya mbele ya gari dogo itanyanyuka.

Zisizo na jina: kama huna njia nyingine, nunua zenye fimbo inayong'aa bila mikwaruzo na weldi iliyozunguka jicho lote. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Za akiba ya zamani, mpya ndani ya boksi la miaka 40, niziachie wakusanyaji. Sili imekauka na itavuja mapema.

Na hili linaudhi kweli. Shokapu ile ile, yenye namba ile ile, huuzwa kwa bei moja kwa gari la kazi, na kwa bei ya juu mara tu neno "klasiki" likiongezwa kwenye tangazo. Muuzaji huyo huyo anaandika "inafaa 1960 hadi 1985", anaweka picha ya shokapu nyingine, na ukimwuliza urefu wa kubanwa anajibu kwamba hakuna aliyewahi kulalamika. Mwambie aibane sakafuni na kuipima. Ni kazi ya dakika moja. Akikataa, ondoka. Wanaouza moja moja pia waepuke, maana ekseli inataka mbili zinazofanana.

Wakati wa kufunga, shokapu ya bomba mbili iliyolala ghalani ina hewa mahali pabaya. Isimamishe wima, fimbo juu, uisukume na kuivuta mwendo mzima mara tano au sita mpaka ulegevu uishe. Usiishike fimbo kwa koleo, mkwaruzo mmoja unakata sili. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira kazwa za mwisho gari likiwa chini kwa uzito wake. Ukizikaza gurudumu likining'inia, bushi hukaa imejisokota na kupasuka. Kwenye ncha ya nyuzi, kaza hadi mpira uvimbe kufikia ukingo wa washa, usizidi.

Kisha paka grisi nene juu ya mpira wa kugotea na uendeshe kwenye barabara mbovu unayoifahamu. Grisi ikiwa imebonyezwa na chuma, na hukusikia kugota, urefu uko sawa. Ukisikia chuma kinagota na grisi haijaguswa, zifungue siku hiyo hiyo uzirudishe zikiwa bado safi.