Ununue nyuzi gani za gitaa kavu? Mpangilio wangu kwa wapigaji wa pwani

Kabla hujatoa hela, liangalie gitaa lako pale darajani, yaani kwenye kibao cha tumboni nyuzi zinapofungwa. Kama nyuzi tatu nyembamba ni za plastiki na zimefungwa kwa fundo, hilo ni gitaa la naironi, na nyuzi za chuma nitakazozitaja hapa hazilihusu kabisa. Mimi nilijifunza kwa hasara, tena kwa gitaa la kuazima: nililivisha chuma, na wiki ya pili daraja likaanza kubanduka. Seti ya kawaida ya chuma huvuta kwa zaidi ya kilo 70, ya naironi ni kilo 40 hivi. Gundi haikuwa na kosa.

Kama gitaa lako ni la chuma, kwangu namba moja ni fosfa bronzi zenye utando. Nyuzi nne nene huzungushiwa waya wa shaba iliyochanganywa na bati na fosfora kidogo, ndiyo maana besi yake inajaa bila kupiga kelele. Juu yake kuna utando mwembamba wa plastiki unaozuia jasho na uchafu kuingia kati ya mizunguko ya waya. Elixir ndio waliozipa umaarufu kuanzia miaka ya 1990. Siku hizi hata D'Addario wanazo, aina ya XS. Bei yake ni karibu mara mbili ya nyuzi za kawaida, na hapo wengi hukimbia. Lakini huku kwetu hewa ina chumvi na viganja vinalowa hata usiku wa manane. Nyuzi zisizo na utando mikononi mwangu hufa ndani ya wiki tatu. Za utando hunifikisha miezi mitatu. Piga hesabu mwenyewe. Kasoro yake ni kwamba zinateleza kidogo, na zikichakaa huota vinyuzi vyeupe pale unapocharaza.

Namba mbili ni fosfa bronzi zilezile bila utando. D'Addario waliziingiza sokoni mwaka 1974, na seti yao ya EJ16 bado ndiyo ninayopimia nyingine. Unayeishi Nairobi au Arusha, mbali na chumvi ya bahari, zipandishe ziwe namba moja, pesa inayobaki nunua kapo, kile kibanio cha shingoni.

Tatu ni bronzi ya 80/20, yaani shaba asilimia 80 na zinki 20. Zinang'aa kwa sauti, zinapenya katikati ya kwaya isiyo na spika. Tatizo zinazeeka haraka. Mimi huzivisha siku ya kurekodi tu.

Mwisho kabisa ni pakiti za bei ya kutupa zisizo na jina, pamoja na zile zenye jina kubwa ambazo ni bandia. Kuzijua si rahisi kwa macho, maana hata rangi za vipete vya mwisho wa uzi huigwa. Zijaribu kwa sikio: gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, kichuma cha kumi na mbili shingoni, upate ile sauti ya kengele, kisha ubonyeze hapohapo upige tena. Kama zamani sauti hizo zilipatana na leo zimeachana, uzi ndio mbovu.

Lakini namba ya unene, yaani unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, kwa sehemu za elfu za inchi, ni muhimu kuliko jina la kampuni. Anayeanza achukue 10 au 11, vidole vitamshukuru. Anayedonoa kwa gumba na kidole cha shahada, kwa mtindo wa akina Jean-Bosco Mwenda, yule mpiga gitaa wa Kongo, 11 zinamtosha. Za 12 ni za mcharazaji, ila ukitoka 10 kwenda 12 shingo inaweza kupinda mbele kidogo, mwone fundi. Na popote wanapouza uzi mmojammoja, ongeza uzi wa kwanza, kwa sababu ndio hukatika kwanza, kwa kawaida dakika tano kabla ya shughuli.

Kuhusu kuchemsha nyuzi kuukuu: ndiyo, sauti inafufuka, lakini kwa siku mbili tatu tu. Na usitumie sufuria ya wali.