Godoro la Hewa: Kifaa cha Mgonjwa Kilichonirudishia Usingizi

Mama alipopata kiharusi na upande wake wa kulia ukakosa nguvu, muuguzi wa wodini alisisitiza kwamba ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya kulalia. Kwa miezi minne nilitega kengele ya simu saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi za usiku, kisha alfajiri nikawaandaa watoto kwenda shule na kuwahi kazini. Siku niliposinzia huku nimeshika sufuria ya uji wa moto ndipo nilipokubali kwamba hata anayeuguza anahitaji kuangaliwa.

Nilinunua godoro la hewa kwa shilingi 220,000 katika duka la vifaa tiba Kariakoo. Ni lile la vifuko vidogo vidogo vilivyounganishwa na pampu kwa mipira miwili: mstari mmoja wa vifuko hujaa huku wa pili ukinywea, kisha hupokezana kila baada ya dakika kadhaa, hivyo hakuna sehemu ya mwili inayogandamizwa kwa muda mrefu. Hutandikwa juu ya godoro la kawaida. Mlio wa pampu ni mdogo, na umeme inaokula sijauhisi kwenye LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla.

Muuzaji hakunieleza lolote kuhusu kurekebisha hewa, nami nikaijaza hadi mwisho, mama akalalamika kwamba amelazwa juu ya mawe. Muuguzi alipotutembelea alipenyeza kiganja chini ya godoro la hewa, mahali makalio ya mama yalipolalia, akanielekeza: ukiuhisi mfupa umekugusa, hewa haitoshi, usipouhisi, punguza taratibu mpaka mgonjwa astarehe. Aliliondoa pia blanketi nililolikunja mara mbili, kwa kuwa matandiko mazito hupoteza faida yote. Shuka moja linatosha.

Mtu asidhani kwamba godoro hili linaondoa kazi ya kugeuza. Baada ya kukagua ngozi ya mama kwa wiki mbili, muuguzi alituruhusu tumgeuze kila baada ya saa 4 nyakati za usiku, na ruhusa hiyo ni ya mama peke yake. Wako akapimwe kivyake. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo kila asubuhi napitisha mgongo wa vidole kwenye visigino, nyonga na juu ya makalio, nikitafuta palipo na joto au ugumu kuliko pembeni yake. Usiku wa kwanza wa saa 4 niliamka kwa hofu kabla ya kengele, nikamkuta anakoroma. Nikarudi kulala, na mgongo wangu uliokuwa ukiniuma tangu Januari ukaanza kupata nafuu wiki ile ile.

Kasoro zipo. Plastiki yake humtoa mama jasho, na kwa joto la Dar es Salaam hilo si jambo dogo. Umeme ukikatika hewa huisha. Usiku mmoja nilimkuta amelala juu ya plastiki tupu. Sasa umeme ukikatika nachomoa mipira kwenye pampu, naikunja na kuifunga kwa raba.

Godoro hili nalipatia nyota nne kati ya tano. Lakini kama mgonjwa wako anaweza kujigeuza mwenyewe, usilinunue: fedha hiyo mlipe mtu unayemwamini akae naye Jumamosi alasiri, nawe ulale.