Sanduku la hisa la kufuli tatu: nunueni, ila kufuli zake badilisheni

Wenzangu wa sokoni wananiuliza kama sanduku la hisa, lile la chuma ambalo kikundi kinawekea akiba na kukopeshana, lina thamani ya hela yake. Linayo. Kikundi chetu kina wanachama 25 hapa Bagamoyo, tunakutana kila Jumamosi. Hisa ni shilingi 2,000, mtu ananunua moja hadi tano kwa wiki. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu, wala hakuna kiongozi kati yao.

Kilichonikosha ni vijitabu vinavyokuja na sanduku. Kila hisa ni muhuri mmoja, na ukinunua mbili, nafasi tatu zilizobaki zinapigwa mstari mwekundu papo hapo, watu wote wanaona. Hakuna wa kuja kugonga muhuri usiku. Zamani tulikuwa na daftari moja, linalala kwa mtu mmoja, na siku ya mgao kila mtu alikuja na hesabu yake kichwani. Mwaka ule nililia.

Desemba tulipovunja sanduku ili tugawane akiba na faida ya mikopo, tulihesabu 9,840,000 kwa hisa 4,000, yaani kila hisa 2,460. Mwenzetu aliyekopa mara nne akasimama: riba yangu ndiyo faida yenu, iweje asiyekopa apate kama mimi? Bibi mmoja naye akataka faida igawanywe sawa kwa sawa, maana juani tumekaa wote. Nawaelewa. Lakini yule mkopaji alifungua genge kwa hela zetu, na angeshindwa kulipa, kila mtu angeumia kwa kadiri ya hisa zake. Basi na faida ifuate hisa. Nilichopigania ni faini za kuchelewa, ambazo tuliziweka bakuli la pembeni. Zile hazikuzaliwa na hela ya mtu, ni za wote. Zilifika 75,000, kila mmoja akapata 3,000. Bibi mwenye hisa 60 akaondoka na 150,600, baada ya kupitisha kidole juu ya mihuri yake mmoja mmoja.

Kasoro ni kufuli. Kwa upepo huu wa chumvi zilishika kutu kabla mwaka haujaisha, na mara mbili tulimwita fundi azikate huku watu wanasubiri mikopo. Chukueni za shaba. Na suala la faini liandikeni kwenye katiba ya kikundi kabla ya hisa ya kwanza; sisi tulibishana mpaka adhana ya magharibi.

Januari tumeanza upya, na yule aliyekopa mara nne ndiye mshika ufunguo wa pili.