TAHADHARI wenye skuta: kuna jamaa wa Kariakoo anauza mikanda iliyochakaa kama mipya

Wakuu naomba mnisome mpaka mwisho, hasa nyie wenye Majesty, Forza na Burgman za cc 250 mpaka 400. Kuna jamaa anauza vipuri vya skuta, anajitangaza Insta na kwenye magrupu ya WhatsApp, anasema duka lake liko Kariakoo upande wa Gerezani lakini ukisema unakuja dukani kila siku ana udhuru, mara kasafiri mara anahesabu mzigo, kwake ni boda akuletee ulipe kwa lipa namba basi. Jina la akaunti siandiki maana ameshalibadilisha, ila tabia yake ni ileile na ndo mtamjua nayo.

Ukimwambia unataka mkanda, ule unaopeleka nguvu ya injini kwenye tairi la nyuma, anakuuliza skuta gani, halafu anakwambia mpe boda ule wa zamani uwe sampuli asije akakosea saizi. Hapo ndo mchezo wote ulipo. Ule mkanda wako hauuoni tena, unaoshwa, unapakwa polishi ya matairi unang'aa, unatiwa kwenye boksi jipya lenye maandishi ya Kijapani na anauziwa mwenzako kwa laki na ishirini.

Tumejuaje? Fundi wetu hapa Sinza akitoa mkanda uliokwisha huwa anaukwangua alama mbili za msumeno pembeni, ili usije ukachanganyika na mpya pale gereji. Kuna mkanda wa Majesty 250 ya jirani yangu aliutoa, ukapelekwa kwa huyo jamaa kama sampuli. Juzi mwenye Majesty mwingine kaleta boksi lake tumfungie, fundi kapitisha kitambaa chenye petroli, polishi ikatoka na zile alama mbili zikabaki zinatutazama. Ni mkono wake mwenyewe, hana shaka hata kidogo.

Na kabla ya hapo shemeji yangu alikuwa ameshanunua kwa huyuhuyu. Ulimkatikia daraja la Kigamboni akiwa amempakia mtoto, skuta ikapiga kelele tu haisogei, nyuma yake kuna daladala. Namshukuru Mungu dereva alikuwa makini. Tulipofungua kava vipande vilikuwa vimejisokota kwenye klachi na puli ya mbele imekwaruzika, kwa hiyo gharama haikuishia kwenye mkanda.

Naumia na hili jambo maana watu wanadhani mkanda wa skuta ni kama ule wa feni ya gari. Hapana jamani, huu ndo gia zako zote, nguvu yote ya injini inapita hapo kwenda tairi la nyuma, unabanwa na puli mbili huku unapanda na kushuka kila ukivuta mafuta, na joto la Dar na foleni zetu unalijua. Skuta nyingi za saizi hii mkanda unabadilishwa kwenye kilomita 20,000 mpaka 25,000, Majesty ina hadi taa ya V-BELT inayowaka kila 20,000. Sasa mtu anakufungia uliokwishamaliza hizo kilomita, tena una polishi yenye silikoni inayofanya uteleze kwenye puli, unaungua haraka zaidi.

Mkishika mkanda wowote kabla ya kulipa, ukunjeni kinyumenyume muangalie katikati ya meno, mpasuko hata mdogo usichukue. Pembeni uliotumika unang'aa kama kioo, mpya unakuwa na rangi iliyofifia kidogo. Pima upana kwa venia, kile kipimo cha fundi cha milimita, ulinganishe na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha skuta yako, polishi haiongezi milimita. Mkanda orijino una namba yake mgongoni na mikanda mingi inatengenezwa na kampuni za Kijapani za Bando au Mitsuboshi, kwa Honda namba inaanza na 23100 halafu herufi za kati ndo zinasema ni modeli gani, kwa hiyo isome kwenye mkanda wenyewe sio kwenye boksi. Na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, huyu jamaa hajawahi kumpa mtu.

Mkanda wa zamani usimpe mtu yeyote, mtumie picha ya namba inatosha kabisa, wa kwako ukate vipande viwili na kisu uutupe.

Sisi tumehifadhi boksi, mkanda wenye alama na meseji za malipo, tunapeleka FCC, Tume ya Ushindani, maana ndo wanashughulika na bidhaa bandia. Aliyenunua kwake na ana ushahidi anicheki inbox twende pamoja. Na kama mkanda wake uko kwenye skuta yako saivi, usipakie mtu, mwite fundi afungue kava leo.