Programu za Kujifunzia Lugha: Ipi Inamfaa Mwongoza Watalii wa Arusha na Moshi?

Mwongoza watalii wa Arusha anayejifunza Kijerumani hafanyi hivyo kwa kupitisha wakati wala kwa ajili ya cheti cha kutundika ukutani. Anajifunza kwa sababu lugha ya tatu humwongezea safari, na kwa sababu mgeni anayesikia habari za nyumbu katika lugha yake huuliza maswali mengi zaidi kuliko yule anayefuatilia Kiingereza kisicho chake wala cha mwenyeji wake. Nimezitazama hapa programu tatu za simu, yaani Duolingo, Busuu na Anki, kwa jicho la mwanafunzi wa namna hiyo, nikisaidiwa na maoni ya wenzangu wanaozitumia kati ya Sakina na Usa River pamoja na baadhi ya wapandisha wageni mlimani kutoka upande wa Moshi. Kipimo changu kimekuwa kimoja: mgeni akiuliza jambo akiwa amesimama kando ya gari, je, mwanafunzi wa programu hii ataweza kumjibu?

Duolingo ndiyo inayojulikana kuliko zote. Iliasisiwa na Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, akishirikiana na Severin Hacker kutoka Uswisi, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2012, na bundi wake wa kijani sasa anatambulika hata na watu wasiojifunza lugha yoyote. Karibu kila niliyezungumza naye alianzia hapo, na sifa wanazoitoa zinafanana: masomo yake ni mafupi, mtu anaweza kusoma bila kulipa, na hesabu ya siku mfululizo humfanya aifungue hata anapokuwa kwenye foleni ya magari langoni akisubiri vibali. Mimi naiona sifa hii ya mwisho kuwa kubwa kuliko inavyochukuliwa, kwa kuwa mtu ambaye ratiba yake hupangwa na wageni hawezi kuhudhuria darasa la jioni kwa uhakika, na dakika chache za kila siku zitamfikisha mbali kuliko kozi nzuri anayoikosa kila anapopata safari.

Hata hivyo, hesabu hiyo hiyo ya siku, pamoja na alama na ligi zake za kuwashindanisha wanafunzi, inaweza kugeuka kuwa ndiyo somo lenyewe. Mwenzangu mmoja alinieleza bila kificho kwamba wiki anapokaribia kushushwa ligi hurudia masomo mepesi ya mwanzo, kwa kuwa alama zake hupatikana haraka, ingawa hakuna neno jipya analolipata humo. Simlaumu, maana ushindani ni mtamu. Ila ni vizuri mtu ajue kwamba kubaki kwenye ligi na kuijua lugha ni mambo mawili.

Lipo pia suala la lugha ya kufundishia, ambalo wengi hulipita juu juu. Tangu mwaka 2017 Kiswahili kimekuwamo Duolingo kama lugha inayofundishwa kwa wanaojua Kiingereza, lakini hata kampuni ilipotangaza kozi mpya 148 kwa mpigo mwezi Aprili 2025, Kiswahili hakikuwekwa miongoni mwa lugha za maelekezo. Kwa hiyo Mtanzania hujifunza Kijerumani kwa kupitia Kiingereza. Mwongozaji mzoefu hatasumbuka sana, lakini mpagazi au mpishi wa mlimani anayetaka kupanda daraja huweza kukosea zoezi la Kijerumani kwa kutoelewa neno la Kiingereza, na programu haitamwambia kosa lake limetokea wapi. Kinachoniudhi zaidi ni hazina inayopotea njiani. Kijerumani kina jinsia tatu za nomino, na maelezo yaliyoandikwa kwa wanaojua Kiingereza hulazimika kuliwasilisha jambo hilo kama kitu kigeni kabisa. Msemaji wa Kiswahili amezoea tangu utotoni kwamba nomino iko katika ngeli fulani na kwamba maneno yanayoizunguka lazima yakubaliane nayo. Angeelezwa kwa kuanzia kwenye ngeli, nusu ya safari ingekuwa imekwisha.

Tukirudi kwenye kipimo changu, upungufu mkubwa wa kozi za namna hii, na hapa sisemi Duolingo peke yake, ni kwamba zinamchukulia mwanafunzi kuwa ndiye msafiri. Humfundisha kuagiza kahawa, kukata tiketi ya treni, kuulizia hoteli na kusema kwamba amepoteza pasipoti. Mwongozaji yuko upande wa pili wa mazungumzo hayo: yeye ndiye anayeulizwa, ndiye anayeeleza sababu, na ndiye anayetoa maagizo. Anahitaji kusema kwamba simba wamelala kwa sababu jua ni kali na kwamba wataanza kujinyoosha jioni. Anahitaji kumzuia mtu asifungue mlango wa gari bila kumtia hofu wala kumkosea adabu. Kwenye kambi ya Horombo katika Mlima Kilimanjaro, ambako ni mita 3,720 kutoka usawa wa bahari, anahitaji kumwambia mgeni apunguze mwendo, anywe maji na aseme mara moja kama kichwa kinamuuma, kisha aelewe jibu atakalopewa na mtu aliyechoka anayezungumza kwa sauti ya chini. Sentensi hizo ni za usalama, na hazimo katika mada ambazo kozi hizi huanza nazo.

Busuu, iliyoanzishwa mwaka 2008 na kupewa jina la lugha moja ya Kameruni yenye wasemaji wachache mno, inaukaribia upungufu huo kwa njia moja nzuri: mwanafunzi huandika au kurekodi jibu lake, na wasemaji wa lugha hiyo humsahihisha. Hiyo ndiyo sababu ya kuipendekeza. Masomo mengine yanafanana na ya kwingine, na sehemu ya huduma zake hufunguliwa kwa malipo.

Anki ni kitu kingine kabisa, na ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza, ingawa sura yake haivutii na hakuna bundi wala ligi. Ilitolewa mwaka 2006 na Damien Elmes, nayo ni ya bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android. Wenye iPhone hulipa mara moja. Haifundishi lugha yoyote. Ni sanduku la kadi ambazo mwanafunzi huzitengeneza mwenyewe, na kazi yake ni kupanga kadi ipi irudi lini. Ile anayoikumbuka vizuri husogezwa mbele kwa siku, halafu kwa wiki, halafu kwa miezi, na ile inayomtoka hurudi upesi. Msingi wake ni uchunguzi wa kusahau ambao Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliuchapisha mwaka 1885, baada ya kujipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana.

Kadi zikishaingia kwenye simu hazihitaji bando. Ni kweli kwamba tangu Agosti 2022 intaneti ya kasi imefika Horombo, lakini ndani ya Serengeti bado yapo maeneo mapana ambako simu ni saa na kamera tu. Mwongozaji anaweza kuandika majina ya wanyama wote anaowaonyesha wageni pamoja na jinsia ya kila nomino, der Elefant, die Giraffe, das Nashorn, na hapo amekwisha kupata mfano wa kila jinsia. Lakini nashauri asiishie kwenye majina. Kadi yenye faida ni ile ambayo upande wa mbele una swali halisi la mgeni kwa Kijerumani, likiwa na sauti iliyorekodiwa, na upande wa nyuma una jibu ambalo mwongozaji angelitoa kwa Kiswahili kama angeulizwa na Mtanzania mwenzake, sasa likiwa limetafsiriwa na kusahihishwa na mtu anayeijua lugha. Kutengeneza kadi kama hizo kunachosha, na wengi huacha hapo.

Kero ya Anki hujitokeza baada ya safari. Anayepandisha wageni kwa njia ya Machame hukaa mlimani siku sita au saba, na kama hakugusa simu atakuta kadi zimerundikana kiasi cha kumkatisha tamaa. Dawa yake ni kuacha kuongeza kadi mpya siku kadhaa kabla ya kuondoka na kujiwekea kikomo cha marudio kwa siku anaporejea. Kuongeza kadi kwa wingi kufanyike wakati wa masika, Aprili na Mei, wageni wanapopungua na magari mengi yakiwa gereji.

Kuhusu fedha, sioni sababu ya mtu anayeanza kulipia chochote kabla hajajiona anasoma kwa miezi miwili au mitatu bila kukoma. Aangalie pia kipindi cha majaribio: kuna mwenzetu aliyekatwa ada ya mwaka mzima kwenye kadi ya benki, katika programu nisiyoitaja, kwa sababu alidhani kuifuta kwenye simu kunatosha. Usajili husitishwa kwenye duka la programu ambako ulilipiwa.

Kinachobaki ni mtu wa kuzungumza naye, na hapo Moshi ina bahati. Wageni wa kujitolea wanaokaa mjini kwa miezi kadhaa, wengine wakitoka Ujerumani, huwa wanajifunza Kiswahili kwa simu hizo hizo na wanalia kilio hicho hicho cha kukosa wa kujibizana naye. Nusu saa ya Kijerumani kwa nusu saa ya Kiswahili ni biashara ya haki, isiyohitaji ada wala bando. Mwombe mwenzako akubali kurekodiwa akisoma maswali hamsini ambayo angemuuliza mwongozaji, na uyaingize kwenye kadi kabla hajarudi kwao.